Fidla Iliyokaa Ndani ya Kinanda

Tuliokuwa ndani ya nyumba ile ya Kikole, wanaume walipokwenda kumzika, ni hawa: mjane wake, ambaye mama yake na kungwi wangu walikuwa ndugu, dada wa marehemu wa tumbo moja, aliyetoka Nyangamara akafika na vumbi mpaka kwenye kope, mwenzangu wa kiitikio, tuliyesimama naye bega kwa bega tangu tukiwa na meno yote kinywani, na yule binti wa Rondo anayetengeneza redio na simu Lindi mjini, ambaye hakuwa ndugu wa mtu pale lakini alilia kuliko ndugu. Na mimi. Majina yao ninayo yote, na ya mama zao pia, ila wasomaji wangu mnanijua, humu sitaji mtu. Ukimtaja mtu kwa jina, anabaki wa waliomjua. Ukisema nani kamzaa na nani kakaa naye, anakuwa wa kila mtu.

Aliyekufa ni mpiga kinanda wetu. Alikuwa barazani akichambua korosho na mkewe, akasema ngoja ninyooshe mgongo, akajinyoosha moja kwa moja. Hakuugua, hakuaga. Mkewe anasema aliendelea kumwongelesha habari za bei ya magunia, akaona hajibiwi, akadhani kanuna. Ndivyo kifo cha mtu mpole kinavyokuwa, kinaingia kama mgeni aliyevua viatu mlangoni.

Wale waliokulia Kilwa na Lindi watakumbuka kikundi chetu cha taarabu, maana hakuna harusi ya maana ambayo hatukuiimbia. Hatukuwa wengi. Mume wangu alipiga fidla, huyu marehemu alipiga kinanda, na sisi wanawake tuliitikia. Kinanda chenyewe ni cha umeme, cha zamani, kizito kama mlango, chenye vitufe na vijiti vya kupandisha na kushusha. Kilikuja na sauti zake humo ndani, zilizotiwa huko huko kiwandani: filimbi, akodiani, kengele, na fidla moja nyembamba ambayo hatukuwahi kuigusa, kwa kuwa fidla ya kweli tulikuwa nayo. Marehemu na mume wangu walikuwa marafiki wa tangu jando. Mimi akaniita shemeji, nami nikamwita shemeji, na sidhani kama mdomo wangu umewahi kumwita vingine.

Mume wangu akafa. Nilikaa eda, nikatoka, na siku ya kwanza niliyorudi mazoezini nilikwenda kwa shingo upande, nikijua pale pembeni pa kinanda pana kiti kitupu. Hawakuwa wameniambia kitu. Shemeji akabonyeza vitufe vyake kwa utaratibu, akatazama chini, na mume wangu akaanza kupiga. Sijui niseme vipi tena. Mume wangu alikuwa amejikata kidole kwa panga akisafisha mikorosho, na tangu hapo kila noti ndefu ilipofika mwisho kidole kile hakikutulia, sauti ikatetemeka kama maji ndani ya bakuli linalobebwa. Muda wote niliokuwa ndani na kaniki yangu, shemeji alikuwa ameichukua fidla ile nyembamba ya kiwandani, akaipandisha hapa, akaishusha pale, akaizungusha mpaka ikapata ule mtetemo. Akaihifadhi humo ndani, juu ya ile ya kiwandani. Niliimba kiitikio chote nikiwa nimefumba macho, na nilipofumbua sikuona mtu wa kumshukuru, kwa kuwa wote walikuwa wametazama ukutani.

Miaka ikapita hivyo. Nilikuwa mjane nyumbani, jukwaani nina mume. Nilivaa vizuri nilipokwenda kuimba, nikajitia na udi, na mwenzangu wa kiitikio hakuniacha.

"Shoga, mumeo leo kapiga vizuri kuliko alipokuwa hai."

"Alipokuwa hai ulikuwa ukimvuruga kwa kupayuka."

"Alipokuwa hai alikuwa akisimamisha muziki aombe chai! Sasa hivi haombi chai, hagombani na mtu, halali na viatu. Mume ndiyo huyo. Niazime."

Tulicheka mpaka tukajishika mbavu. Wala hapakuwa na huzuni katika kicheko kile. Kuna nyakati nilikuwa naamka asubuhi, nawasha moto, nasikia kitu kama fidla kwa jirani, nami sishtuki, nasema moyoni huyo anafanya mazoezi, kisha naendelea kupuliza kuni.

Basi kinanda kikazeeka. Kilianza kidogo kidogo. Kengele ikageuka kuwa kitu kama bati linaloburutwa, filimbi ikawa inakohoa. Kwenye harusi moja ya Nyangamara, ya binti wa jirani wa yule dada wa marehemu, tulipofika pahala pa fidla, ikatoka sauti ya kukoroma. Ule mtetemo ulikuwepo, lakini ulikuwa mtetemo wa mtu mwenye homa. Watu wakaangua kicheko. Shangazi mmoja wa bibi harusi akapaza sauti, "Huyo chura kaalikwa na nani?" Mwenzangu naye, ambaye hajapata kumeza neno, akajibu kwenye kipaza sauti, "Kaalikwa na mwenye shughuli, kama wewe!" Wakazidi kucheka. Mimi mdomo wangu ulikuwa umefunga katikati ya neno. Nilimwona marehemu anaondoa vidole vyake kwenye vitufe taratibu, kama mtu anayetoa mkono kwenye paji la uso la mgonjwa.

Kikapelekwa Lindi, kwa binti wa Rondo. Marehemu alinisimulia yote baadaye. Yule binti alikifungua mgongo, akamwonyesha betri ndogo ya duara kama sarafu, imeoza. Betri ile ndiyo iliyokuwa ikikumbuka badala ya kinanda, na sasa ilikuwa inasahau. Akasema nikiitoa, kila kitu kilichomo kinafutika. Lakini usihofu, baba, sauti za kiwandani zinapatikana, watu wamezihifadhi, nitazirudisha kwa simu yangu, kitapiga kama siku kilipotoka kwenye sanduku. Marehemu akauliza, na zile ambazo si za kiwandani? Binti akasema hizo hapana, tundu la kutolea limekufa, linalofanya kazi ni la kuingizia tu. Hapo marehemu angeweza kusema tengeneza. Kinanda cha kikundi, fundi kapatikana, harusi zinangoja. Hakusema. Alikifunga kinanda ndani ya khanga, akakirudisha Kilwa.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri akaja kwangu. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya kutoka, mpaka jirani yangu akachungulia juu ya ua akaniita, "Bibi, unaposwa huku, toka!" Nikamkaribisha, nikampa kiti, akakataa kahawa kwanza.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kwa jambo la mirathi."

"Mirathi ya nani tena? Huko si tulimaliza?"

"Nguo zake ziligawiwa. Baiskeli kachukua mdogo wake. Fidla yenyewe mlimpa mpwa wake. Kuna kimoja hakikugawiwa, nimekaa nacho mimi bila haki, nacho ni chako." Akaivua kofia akaishika mkononi. "Mwenzetu anaumwa mara ya pili. Fundi anasema hawezi kumtibu, anaweza kumwondoa tu. Mimi siwezi kumwondoa bila ruhusa ya mwenyewe."

Ndugu wasomaji, nimezaa, nimezika, nimekaa na viongozi wakiniuliza mambo ya kijiji. Hakuna swali lililowahi kunikalia kifuani kama lile. Nikauliza la kijinga: je, akibaki hivi hivi? Akasema atabaki, lakini kila wiki atakuwa kidogo si yeye, na watu watamcheka. Nikauliza, wewe huwezi kumtengeneza upya baadaye, kama ulivyomtengeneza? Akaitazama mikono yake. Akasema, "Wakati ule nilikuwa na sauti yake masikioni, mbichi. Sasa hivi masikioni nina kinanda."

Neno lile ndilo lililoniamua, maana lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimeshaanza kuliona nikawa sitaki kulisema. Nikiwa natwanga, nikijaribu kumwita mume wangu kichwani, nimsikie akipiga pale barazani kabla ya jukwaa na spika, kilichokuja kilikuwa ni cha kwenye spika. Na tangu Nyangamara, kilikuja na kukoroma kwake. Yule tuliyemfanya alikuwa amemkalia yule aliyekuwepo. Nikamwambia shemeji, avae kofia, anywe kahawa. Nikamwambia, "Mwondoe. Lakini nami niwepo."

Tulikwenda Lindi wote wawili na mwenzangu wa kiitikio, ambaye hakualikwa. Binti akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, akanivutia kiti mbele kabisa kama wanavyomwekea mama wa bwana harusi. Marehemu akabonyeza fidla mara ya mwisho. Mwenzangu akasema tumrekodi kwenye simu, nikamzuia: mtu harekodiwi akikata roho. Sauti ikatoka, nzito, inayumba, kisha akainua kidole. Binti akatoa betri. Hapakuwa na kishindo chochote. Akatia mpya, akaunganisha waya kutoka kwenye simu yake hadi kwenye tundu la nyuma, na ule waya ulipolegea ikasikika kelele ya ajabu, kama dagaa wanaokaangwa huku nyenje wakilia juu yao. Nikauliza hiyo ni nini. Akasema, "Ndizo sauti zenyewe, bibi. Zinasafiri zikiwa zimekunjwa." Basi tukakaa tukiwangoja wasafiri. Nje watu walikuwa wanapita na ndoo za samaki na nguo za mtumba, jua limelala juu ya meza ya fundi, na mimi nilikuwa kama mtu aliyekaa kati ya nyumba mbili, huku wanatoa maiti, huku wanamleta mwari.

Kilipomaliza, marehemu akajaribu. Kengele ikawa kengele. Filimbi ikawa maji ya kisima. Akafika kwenye fidla, akasita, akabonyeza. Ikatoka safi, imenyooka toka mwanzo hadi mwisho, kama kijana aliyevaa kwa Ijumaa, asiyemjua mtu mjini. Haikuwa mume wangu hata kidogo. Niliona mkono wa shemeji unakwenda wenyewe kwenye kile kijiti cha kutetemesha, ukafika, ukatulia juu yake. Akanigeukia. Nikatikisa kichwa. Akautoa mkono, akaniuliza kwa upole, "Basi tumpigie wimbo gani huyu mgeni?" Mwenzangu akajibu kabla yangu, "Wa kumkaribisha, kwani wewe umeona mgeni anapigiwa wa kumfukuza?" Tukaimba pale pale dukani kwa fundi. Niliimba vibaya, sauti ilinipotea, lakini nilimaliza.

Siku hizi watu wanatembea na wafu wao mfukoni. Najua mama mmoja ambaye simu yake ikiita, inaita kwa sauti ya mwanawe aliyezama. Najua bwana mmoja ambaye hafuti ujumbe wa mkewe wa kumwagiza chumvi. Sicheki, nitamcheka nani mimi niliyekaa na mume ndani ya kinanda? Zamani mtu alipokufa kilichobaki kwetu ni kumwombea na kumsimulia, na kila aliyemsimulia alikosea kidogo, na makosa yetu yalikuwa ndiyo kumpenda kwetu. Sasa mashine inatubebea. Ni neema. Ila mashine haichoki kumtumikisha mtu, nasi tunasahau kwamba aliyekufa ana haki ya kupumzika hata kutokana na sisi tunaompenda.

Ndiyo maana siku ya tatu, baada ya hitima, mjane wake aliponivuta pembeni, sikuwa na haja ya kufikiri sana. Aliniambia binti wa Rondo anaweza kuchukua nyimbo alizorekodi marehemu, azitie kwenye mashine mpya, kikundi kiendelee na mkono wake ule ule. Akaniuliza, "Bibi, na mimi nikubali?" Nikamwambia zitunze nyimbo zake, mwanangu. Zisikilize ukipika, zisikilize ukilia. Lakini usimpeleke harusini akafanye kazi. Kwenye kinanda akae mtu mwingine, akosee, achekwe, azoee. Mumeo aliwahi kunivalia kanzu akaja kuniomba nimwachie wangu aende, na sijaona heshima kubwa kuliko ile, ya kumpenda rafiki yako mpaka ukamwacha anyamaze.

Lakini kuna jambo linanisumbua, nami sina mwingine wa kumuuliza, kwa kuwa shemeji ndiye aliyekuwa wa mwisho kulijua. Nimesema mtetemo wa mume wangu ulikuja mwisho wa noti. Ndivyo ninavyosikia ninapoandika. Ila miaka mingi niliusikia kutoka kwenye kinanda, na aliyeutia humo alikuwa akimpenda kama mimi. Inawezekana ulikuwa mwanzoni. Inawezekana haukuwepo kabisa, sisi wawili ndio tuliomwongezea. Nyinyi mliomsikia kwa fidla yenyewe, barazani, kabla ya umeme, kama nimekosea nisahihisheni, na msinihurumie. Njooni tu mniimbie ilivyokuwa.