Sukuma Iliyonyunyiziwa Maji ya Nyanya

Juzi sokoni Busia nilikuwa nimeshika kifungu cha sukuma wiki, nikijifanya mjuzi wa mboga eti kwa kuwa nimekula katika nchi nyingi, alipofika dada wa kupima sumu. Alikuwa na kikaratasi kidogo kama stempu, kimechorwa kwa wino unaopitisha umeme. Anakichomeka kwenye kifaa kilichounganishwa na simu, anakidondoshea maji yaliyosuuza mboga, na simu inamwambia kama kuna dawa ya wadudu.

Mama muuzaji hakujali. Nyanya zake zilivuka mpaka zikiwa nyeupe kwa dawa, lakini sasa ziling'aa. "Pima tu, dada. Nimeziosha zote asubuhi."

Simu ikakubali: nyanya ni safi. Mama akanikonyeza.

"Na maji ya kuoshea ulimwaga wapi?" dada akauliza.

Mama akatazama beseni, kisha sukuma mkononi mwangu. Kwetu sukuma hunyunyiziwa maji isinyauke, na maji hayatupwi ovyo. Dada akapima kifungu changu. Skrini ikawa nyekundu.

Mama akapiga simu nyumbani, kidole kikikosea namba. "Ile sukuma nilituma, mshapika?"

Tukasikia binti yake akijibu, "Bado, mama. Ndio naikata."

"Wacha hapo. Nawa mikono na sabuni. Hakuna mtu aguse, nakuja."

Akaketi juu ya kreti, akifuta viganja kwa leso tena na tena. Mimi, mla dunia, nikarudisha kifungu taratibu, nikanunua ndizi. Ndizi angalau huja imevaa koti.