Wota Pampu Ilikuwepo

Juzi nilikuwa kwenye duka la spea mjini Mtwara alipoingia mama mmoja wa makamo. Yeye na mumewe walikuwa wakisafiri kwa basi dogo waliloligeuza nyumba, kitanda na jiko humo humo, waende Msimbati wakaone mto Ruvuma unavyoingia baharini. Wota pampu, ile inayosukuma maji ya kupoza injini, ilikuwa imewafia mtaa wa Ufukoni.

“Mwanangu,” alimwambia muuzaji kwa sauti ya chini, “mzee wangu akija, mwambie wota pampu haipo, tulale hapa. Tangu Lindi mikono inamtetemeka, na kupumzika hataki.”

Muuzaji akainamisha macho. “Ipo, mama. Kumdanganya mzee siwezi.”

Mumewe alikwishafika mlangoni, na alikuwa amesikia.

“Si wewe uliyetaka kuuona huo mto?” akamuuliza taratibu.

“Nilitaka tuuone wote wawili.”

Mzee akaificha mikono kwapani. Kisha akamwambia muuzaji, “Niwekee hiyo pampu. Bajaji za kwenda hospitali napandia wapi?”

Mkewe akamshika mkono, wakatoka pole pole.

Gari likituharibikia njiani huwa tunalilaani. Lile la kwao, nadhani, kwa kuwasimamisha lilimshawishi mzee ambaye mkewe alishindwa kumshawishi apumzike.