Nywele za Watu

Katika miaka ile ambayo redio iliwakumbusha wananchi kila asubuhi kwamba wote ni ndugu, palikuwa na saluni mtaa wa Isevya, Tabora, iliyoitwa Saluni ya Maendeleo. Chumba cha mbele kilikuwa na mkeka, vigoda na kibao kilichoandikwa "Misuko ya Asili". Nyuma ya pazia palikuwa na jiko la mkaa na kitana cha chuma. Vijana wa chama walikuwa wametangaza kwamba mwanamke anayechoma nywele bado ana kasumba ya mkoloni, na Bi Sikuzani, mwenye saluni, aliwaunga mkono kwa moyo wote, hata chai akawapa. Wake wa wakubwa wao walipitia uani.

Mbele ndiko alikokaa Zamda. Alikuwa Mnyamwezi wa mjini, mke wa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu na maneno machache. Maneno machache ni mali katika kazi ya kusuka, maana mtu akishainamisha kichwa magotini pako hukuambia mambo ambayo mumewe hajayasikia. Zamda aliyapokea yote, asiyapeleke kokote. Kwa hiyo wanawake walimwamini, na kwa kuwa walimwamini wakafurika saluni, na kwa kuwa walifurika Bi Sikuzani akaamini kwamba yeye ni hodari wa biashara.

Palikuwa na jambo jingine ambalo Zamda aliaminiwa nalo, zito kuliko siri. Nywele iliyotoka kichwani haitupwi ovyo. Nani asiyejua kwamba mwenye nia mbaya akiipata anaweza kuipeleka kwa mtu wa dawa, na mwenye kichwa akaanza kukonda bila kuumwa? Hata waliosoma, ambao hawaamini mambo hayo, huziokota nywele zao kwanza ndipo wasiamini. Basi kila jioni Zamda alifagia, akazifunga nywele katika gazeti, akavuka njia na kwenda kuzitupa katika choo cha jirani, kwa sababu choo cha saluni kilikuwa kimejaa na mwenye nyumba alikuwa bado analitafakari suala hilo. Mtaa mzima ulimwona akivuka na kifurushi chake. Hakuna aliyefikiri lolote.

Bi Sikuzani naye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliyeletwa Tabora na mume wa reli. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wazee husema babu wa huyu alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, na babu wa yule akamngojea huko amcheke alivyochanika miguu. Mle saluni walitaniana kama desturi. Bi Sikuzani alimwita Zamda "mpagazi", Zamda akamwita "mcheza ngoma", wateja wakacheka. Kazi nzito zilikwenda kwa mpagazi, lakini huo haukuhesabiwa kuwa utani.

Siku ya balaa alikuja Bi Katarina, mke wa ofisa mmoja mkubwa wa mkoa. Siku chache kabla alikuwa amesimama mbele ya mkutano wa akina mama akakemea uchomaji wa nywele kwa uchungu uliowatoa watu machozi. Sasa aliketi nyuma ya pazia, sikio amelikunja kwa kidole, kichwa amekiinamisha, na Bi Sikuzani mwenyewe akashika kitana, maana kichwa cha namna ile hakipewi mfanyakazi. Nje akapita muuza mkaa. Bi Sikuzani akageuka kumwambia kwamba gunia la wiki iliyopita lilikuwa nusu vumbi. Muuza mkaa akajibu. Bi Sikuzani akamjibu jibu lake. Kitana hakikuwa na habari na mabishano hayo. Kilikaa palepale kilipowekwa.

Yowe lilimfikisha Zamda nyuma ya pazia kabla hajaachia msuko aliokuwa nao. Bi Sikuzani akamsukumia kitana, "Shika hiki," naye akashika, kama anavyoshika mtu yeyote kitu anachopewa na mkubwa wake. Bi Katarina alipoinua uso, juu ya sikio lake pakiwa peupe na pakifuka, alichokiona ni Zamda amesimama na kitana cha moto mkononi.

Bi Sikuzani alimtazama Zamda. Zamda akamtazama Bi Sikuzani. Lilikuwa jambo la kusema neno moja tu, na mwenye neno hilo hakulisema.

Asubuhi yake Zamda aliambiwa asivue viatu.

"Mwenzangu, hapa pamekuwa padogo," Bi Sikuzani alisema, akipanga vigoda vilivyokuwa vimepangika. "Yule mama kasema akikuona tena hapa, watakuja kukagua nyuma ya pazia."

"Lakini unajua ni nani aliyemuunguza."

"Najua. Kujua kwangu kutazuia nini?"

Kwa ukweli huo mmoja Bi Sikuzani alikuwa mtu mwema kuliko waajiri wengi. Shida ilianza wateja walipouliza. Zamda yuko wapi? Kafanya nini? Kusema kaunguza kichwa cha mtu haikuwezekana, kwani kungekuwa kukiri kwamba Saluni ya Maendeleo ina cha kuunguzia. Na Bi Katarina, aliyekuwa akitembea na kilemba katika joto la Oktoba, asingependa. Ilihitajika sababu isiyo na moto ndani yake. Bi Sikuzani akaitafuta, na hakwenda mbali. Akashusha sauti, akamwambia mteja wa kwanza: "Hamkumwona kila jioni akivuka na kifurushi? Nywele za watu zile. Mimi sisemi alikuwa akizipeleka wapi."

Na kweli hakusema. Mtaa ulimalizia sentensi wenyewe.

Ndani ya wiki moja Zamda hakuwa na kichwa cha kusuka. Bombani wanawake walirudisha mitandio iliyokuwa imeteleza. Jirani ambaye mwanawe aliugua homa alikuja kumjulia hali, jambo la ajabu, kwa kuwa mgonjwa alikuwa kwake, si kwa Zamda. Alikaa, akachunguza pembe za chumba, akaaga. Dada yake mwenyewe, tumbo moja, alisuka kwa mtu mwingine, akaja kueleza kwa muda mrefu kwamba ni kwa sababu ya umbali. Hata saluni nyingine zingekuwapo, sifa ya namna ile ingemtangulia mlangoni. Mumewe aliendelea kukanyaga cherehani, akasema kazi ikipotea hutafutwa, ila jina likipotea hata anayeliokota haji kulirudisha. Zamda alilijua hilo. Kazi angeweza kuiacha. Alichotaka ni Bi Sikuzani aseme, watu wakisikia, kwamba yeye si mwizi wa nywele.

Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Mahona, seremala mstaafu aliyependa amani kiasi kwamba hakupenda kabisa kuulizwa nani ana haki. Redioni walikuwa wakisema siku hizo kwamba mfanyakazi si mtumwa, na Mzee Mahona alikubaliana na redio. Aliwaita wote wawili barazani kwake, majirani wakaja kusikiliza na vibenchi vyao.

Zamda akaeleza habari ya nywele. Ya kitana hakuisema. Aliona kwamba akiifungua ile, wataumia wasiohusika, na bado alikuwa na adabu ya kazi aliyofukuzwa. Balozi akamgeukia Bi Sikuzani, na barazani pakatulia hata fundi baiskeli ng'ambo ya njia akaacha kugonga.

Bi Sikuzani akacheka. Alicheka vizuri, kicheko cha mtu aliyetembelewa na wageni.

"Mzee wangu, huyu ni mtani wangu. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Nilimtania. Tangu lini mtani akapelekwa kwa balozi?"

Mzee Mahona alipumua kama aliyetuliwa gogo. Ni kweli, alisema, mtani hana kesi. Hata akikuambia umemla mama yako unacheka, unamrudishia. Akamuuliza Zamda kama anakana kuwa ni mtani wa huyu. Nani angekana? Kukana utani ni kukana babu zako. Majirani wakaanza kucheka, mmoja akamwambia Zamda arudishe za watu, wakacheka zaidi. Zamda naye akatabasamu, kwa sababu mtani anayenuna ni mtu asiyelelewa. Alitabasamu hadi nyumbani, akafunga mlango.

Na uvumi? Uvumi uliendelea na shughuli zake. Watu walisema ulikuwa utani, ila mitandio haikuteremka.

Masika yalipoanza, mama yake Bi Sikuzani, Bi Maua, ambaye alikuwa amekuja kwa treni kumtazama mwanawe tangu Zamda angali saluni, kisha akaugua kifua, alifariki alfajiri. Habari ilimfikia Zamda akichochea uji. Mumewe alimtazama juu ya miwani akamuuliza kama atakwenda.

"Nilitajwa mtani mbele ya balozi," Zamda alisema. "Mtani hakai nyumbani siku ya msiba."

Hili Bi Sikuzani hakulipigia hesabu siku ile alipocheka barazani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, lakini pia ana zamu yake: ndiye wa kuchota maji msibani, ndiye wa kufanya zile kazi ambazo wenye uchungu hawaziwezi, na ni mwiko kumfukuza. Mfanyakazi unaweza kumwambia asivue viatu. Mtani huvua, akaingia.

Zamda alichota maji, akachanja kuni, akakoroga sufuria la chai. Kisha, kama ilivyompasa, akajifunga kanga ya marehemu, akapita katikati ya mikeka akiburuta mguu kama Bi Maua, akilalamika kwa sauti ya Kizaramo kwamba maji ya Tabora ni magumu hata kuyameza na kwamba amekufa makusudi apate kurudi pwani bila nauli. Wanawake waliokuwa wakilia walicheka huku wanalia. Bi Sikuzani alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Haikujulikana ni kwa lipi. Zamda alimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Alikuwa amempenda yule bibi.

Ndani, mwosha maiti alikuwa amekwisha kuosha. Ilibaki nywele. Maiti ya mwanamke huchanwa nywele, zikasukwa mikia mitatu, zikalazwa nyuma. Lakini mwosha alikuwa bibi mkongwe na mvua ilikuwa imemkaza viungo. Akatoa kichwa mlangoni.

"Vidole vyangu vimenitangulia ahera," alisema. "Si yupo msusi hapo uani? Aje, wanaume wanangoja jeneza."

Ua mzima ukamgeukia Zamda. Alikuwa na mikono iliyolowa. Hakuwa amekuja na mpango wowote. Alitembea hadi kizingiti, akasimama, wala hakuingia. Bi Sikuzani sasa alikuwa ndani, ameketi chini, upande wa miguu ya mama yake.

"Dada," Zamda alisema, na sauti ya utani ilikuwa imekwisha. "Nywele za mzee zikichanwa huanguka. Zitaangukia mikononi mwangu. Kama mimi ni mtu wa kubeba nywele za watu, nizuie hapa. Kama siye, niambie nipite."

"Pita, Zamda."

"Hilo nimelisikia mimi. Hawa walioko nyuma yangu hawajalisikia."

Mwosha akakohoa kukumbusha kwamba maiti haisubiri. Bi Sikuzani aliutazama uso wa mama yake. Angeweza kucheka, akasema tena kwamba ulikuwa utani. Lakini ungekuwa utani juu ya kichwa cha mama yake.

"Hukubeba," alisema, kwa sauti iliyotoka hadi uani. "Hata unywele mmoja. Niliongopa. Na siku ile kitana nilikishika mimi, nikakutia wewe mkononi. Njoo umsuke mama yangu."

Kitana gani? Mikekani shingo zikageuka taratibu, zikatafuta, zikatulia juu ya kilemba cha Bi Katarina, aliyekuja kutoa pole kwa niaba ya ofisi ya mumewe. Bi Katarina alikuwa akiangalia bati za paa kwa makini, kama mtu aliyetumwa kuzikagua.

Zamda aliingia. Alimchana Bi Maua polepole, akianzia ncha, kama anavyochanwa mtu anayesikia maumivu. Akasuka mikia mitatu, akailaza. Zilizoanguka alizikusanya zote, akazitia ndani ya sanda, ambako ndiko mahali pake. Kisha akasogea, Bi Sikuzani akamshika mkono, na wote wawili wakalia kama watu wasio na utani wowote.

Baada ya arobaini Bi Sikuzani alikwenda nyumbani kwa Zamda. Alikuta wanawake barazani wakingoja zamu, mmoja ameinamisha kichwa magotini pa Zamda. Akangoja naye hadi yule alipoondoka, ndipo akasema saluni haina msusi, na pazia ameliondoa, arudi.

Zamda aliendelea kuchambua nywele katika kitana chake cha mti.

"Nikirudi, watu watasema umenisamehe," alisema. "Na mwenye kusamehe hapa ni mimi."

Mwanamke aliyefuata nyuma ya Bi Sikuzani katika zamu alikuwa akimtazama kwa kukosa subira, akamuuliza kama anasukwa au anasimama tu. Bi Sikuzani akafungua mtandio, akaketi.