Pilau Iliyopozwa kwa Kipepeo

Namshukuru Mola wangu, aliyetuumba mataifa na makabila ili tujuane, akanipa na umri wa kuwakumbuka majirani wema kabla sijaitwa kwake.

Juzi nilikuwa nasubiri lifti ya jengo letu hapa Deira, Dubai. Mlango wa jirani ukafunguliwa, ikatoka harufu ya mchele unaonata ukipikwa kwa mvuke, na ndani yake ubichi wa majani yaliyopondwa. Lifti ikaja, ikaenda bila mimi. Msinicheke. Kwa mtu wa umri wangu, harufu ikishamkamata haimwachii upesi.

Mimi ni mtoto wa Al Ras, nyuma ya maduka ya viungo. Wazee wangu walitoka Unguja, na ukuta wetu mmoja tulishirikiana na familia ya Kichina iliyouza vyombo vya kaure na chupa za chai. Binti yao Mei alikuwa rika langu, na kwa kushinda kwetu alisema Kiunguja kama aliyezaliwa Malindi ya Unguja. Mama yake tulimwita Mama Mei. Majiko yetu yalitazamana, na mama yangu aliijua siku ya jirani yake kwa harufu: asubuhi vitunguu saumu, mchana mafuta ya ufuta.

Siku moja, kabla joto halijaanza kutuchoma, jiko lile lilikaa kimya. Jana yake lilikuwa limetoa mvuke wa majani mchana kutwa. Leo hata kiberiti hakikuwashwa. Shangazi Zuwena, dada yake baba, mnene mwenye kipepeo cha ukili kisichomtoka mkononi, alichungulia dirishani.

"Wifi, kwa Mchina leo hakuna moto. Na baba yake Mei nimemwona kabeba maua meupe."

Mama akaacha kupeta mchele. "Maua meupe? Kwao hayo ni ya msiba. Basi wamefiwa."

"Na hawasemi! Ukuta mmoja, hata wakikohoa tunawasikia, halafu msiba watuficha."

"Hawazijui desturi, Zuwena. Sisi tunazijua."

Desturi yenyewe mnaijua: nyumba yenye msiba haiwashi jiko, jirani ndiye anayepika. Pilau ikainjikwa. Haukupita muda mrefu, tukawa mlangoni kwa Mama Mei, mama na sufuria iliyofungwa kitambaa, mimi na sinia, na shangazi na kilio chake. Shangazi alikuwa na kilio cha adabu, kile kinachoanza kabla mlango haujafunguliwa. Mama Mei alipofungua, akatutazama kwa hofu, kana kwamba sisi ndio tuliofiwa.

Mei akatokea nyuma yake. "Hajafa mtu, Bi Zuwena. Yaani walikufa, lakini zamani."

Shangazi akakatiza kilio katikati, akafuta pua.

Mei akatueleza. Ilikuwa siku yao ya kuwakumbuka wazee. Kwao watu huenda makaburini, wakang'oa majani, wakafagia, wakaweka maua na chakula. Na kijijini kwa bibi yake, siku hiyo moto hauwashwi. Watu hula vilivyopoa. "Kaburi la bibi liko mbali, mama hawezi kulifagia. Kilichobaki ni hiki tu, kula baridi." Juu ya meza nikaona picha ya bibi kizee, maua meupe, vikombe vidogo vya chai, na vitumbua vya kijani, mviringo kama mayai, vinang'aa. Majani ya kwao ya kuvitia rangi Mama Mei hakuyapata Dubai, akatumia maji ya mchicha.

Mama Mei akafunua sufuria. Mvuke ukampiga usoni. Akafunika taratibu, akasema neno kwa lugha yake.

"Anashukuru sana," Mei akasema, "lakini leo hawezi."

Mkono wa Mama Mei ulibaki juu ya kifuniko. Kwetu sufuria ya msiba hairudi na chakula ndani. Ikirudi, ujirani umekwisha. Naye akila kile cha moto, angevunja kitu pekee alichobaki nacho cha kumfanyia mama yake.

"Twende zetu, wifi," shangazi akasema. "Tumekataliwa."

Mama hakuondoka. "Mei, muulize mama. Tatizo ni pilau au moto?"

Mei akauliza. "Moto tu."

"Basi khalas. Zuwena, lete kipepeo."

Akaketi sakafuni, mbali na ile meza, akamwaga pilau kwenye sinia, akaanza kupepea.

"Wifi, pilau baridi? Mafuta yataganda kama mshumaa!"

"Yagande."

Adhana ya alasiri ikaita. Mama akampa shangazi kipepeo, ili tusali kwa zamu, nami na mama tukatangulia kwetu. Tuliporudi, shangazi alikuwa anapepea kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, anamlaumu kila mtu aliyewahi kulima mchele. Mama Mei akagusa wali kwa nyuma ya mkono, kama anayepima homa ya mtoto, akatikisa kichwa: bado. Shangazi akapiga ukelele, na sote tukacheka, hata Mama Mei, machozi yanamtoka.

Mwishowe tulikula. Sitawadanganya, ilikuwa mbaya. Lakini Mama Mei hakusaza punje.

Tulipoaga, alikwenda jikoni akaleta sahani ya vitumbua vya kijani iliyofunikwa. "Hivi havikuwekwa mezani," Mei akasema. "Mama alivitenga jana, kabla ya kuweka vya bibi. Ndani ni maharage na sukari. Mafuta ni ya ufuta." Mimi nilinuna. Vya mezani vilipangwa vizuri zaidi, nikadhani tumepewa makombo.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasomeshwa fiqhi, mwalimu wangu alifika kwenye chakula kinachotengwa kwa ajili ya wafu, kwamba sisi hatukili. Kalamu ikanisimama mkononi. Mama Mei alilijua hilo. Alikuwa ameuliza mahali, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, akanyamaza nalo. Sisi tulivuka kwenda kumfundisha desturi zetu, kumbe yeye alikuwa ameshaipisha dini yetu jikoni mwake, hata kabla hatujajua kwamba ana siku ya wazee wake.

Wewe unayesoma, Mungu akuruzuku jirani wa namna hiyo, na akujaalie uwe jirani wa namna hiyo kwa mwingine, bila hata ya yeye kujua. Amin.