Muhuri kwenye Barua ya Baba

Wenzangu, leo baba yangu amemwomba karani wa kiwanda msamaha kwa sababu yangu.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kodi, na kiwanda cha pamba anakofanya kazi Baba bado hakijampa fomu ya kuonyesha mshahara na kodi aliyokatwa. Akipigwa faini, karo yangu ndiyo itakayolipa.

"Mzee, rudi Jumatatu," karani alisema.

"Nimerudi Jumatatu tatu, mwanangu." Baba alikuwa amevua kofia.

Nikatoa nakala ya barua tuliyoandika kuomba fomu. "Basi tupigie muhuri kwamba mmeipokea, ionekane kosa si la Baba."

"Ati msichana amekuwa wakili?"

Baba akanitoa nje, akimwambia karani samahani.

Kisha akarudi ndani peke yake.

Alitoka amevaa kofia. Nakala ilikuwa na muhuri.

Kesho tunaondoka hapa kwetu Zombe mapema, tuipeleke nakala hiyo ofisi ya kodi pamoja na hati za mshahara alizotunza Baba ndani ya Biblia.

Mnadhani wataipokea?