Udongo wa Ukuta wa Jiko

Asubuhi, kabla ya kushika jembe, Salama alimega kipande cha udongo mwekundu kwenye ukuta wa jiko lake pale kijijini Mtae, akakitia mdomoni.

"Wifi, jiko litakuangukia!" Hidaya, dada wa mumewe, alipiga kelele akiwa mlangoni. "Wajukuu wanaota meno, nawe una hamu ya mimba? Ya nani hiyo?"

"Ya kaka yako. Ungependa iwe ya nani?"

Wakacheka. Utani huo ulimfaa Salama, kwa kuwa ulifunika mengine. Haukumlazimu kusema kwamba ugali ulikuwa ukimkwama kifuani, wala kwamba akipandisha kabichi kutoka bondeni alikaa chini njiani, moyo ukimdunda masikioni.

Siku ya Idi wanawake walikula sinia moja. Salama alikuwa akisogeza nyama upande wa Hidaya, na Hidaya akadhani ni mapenzi tu. Kisha akamtazama vizuri. Salama alishushia punje chache za pilau kwa chai, akafumba macho, machozi yakamlenga. Hidaya alinawa, akamvuta uani, akamfunua kope ya chini. Ndani palikuwa peupe kama ganda la yai.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu ulipoanza kunicheka."

Kesho yake walishuka pamoja hospitalini. Alipopimwa, damu ilikuwa kidogo mno. Daktari, binti aliyewaamkia shikamoo kabla ya kuuliza lolote, hakucheka aliposikia habari za udongo.

"Wanaopungukiwa madini ya chuma huupata uchu huo, mama. Lakini hiyo damu inavujia wapi?"

Mpira wenye kamera, ulioshushwa kooni, ukaonyesha: uvimbe ndani, sehemu ya juu ya tumbo, pale chakula kinapoingilia. Majibu ya kipande kilichochukuliwa hapo yalipotoka yalisema ni kansa. Huenda ikakatwa, alisema daktari, ila aongezewe damu kwanza. Zaidi ya hapo hakutaka kuahidi.

Wodini Hidaya alikoroga uji mwepesi, akaupoza, akakoroga tena.

"Mbona hunitanii?" Salama akauliza.

"Nitakutaniaje sasa?"

"Ukinyamaza nitajua nimeshakufa."

Hidaya alifuta macho kwa ncha ya khanga, akachota uji nusu kijiko.

"Haya, mama kijacho. Fungua mdomo. Ukuta wa jiko tumeuacha Mtae."

Salama akacheka kidogo, akangoja, akameza. Uji ulipita taratibu, na Hidaya akachota tena.