Mashine Iliyogonga Kila Saa ya Chakula

Tang! Tang! Tang!

Niliisikia nikiwa nje kwenye mfereji wa maji, nanawa mafuta mikononi. Sikuhitaji kuona. Kompresa namba mbili ilikuwa inagonga tena.

Aliyewahi kufanya kazi na mitambo ya amonia anaijua sauti hiyo. Kompresa imetengenezwa kumeza gesi. Ikimeza amonia ambayo bado ni majimaji, pistoni inakutana na kitu kisichobanika. Chuma kinapasuka. Halafu gesi inatoka, na hiyo gesi haikuulizi unasali kanisa gani.

Nilikimbia.

Hii ni ya mwaka wa sabini na tisa, mtaa wa Baba Dogo, kwenye kiwanda cha barafu na kuku wa kugandishwa. Mimi ni Thuo, kijana wa Mathare, mwendesha mitambo. Shule niliiacha mapema, ulimi sikuuacha. Tulikuwa waendesha mitambo wawili, lakini mwenzangu Zedekiah alikuwa amekwenda Maragoli kumzika babake. Nilibaki peke yangu na mashine.

Na Kitonga.

Kitonga alikuwa nyapara wetu. Nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba cha mitambo, ametanua mikono kama golikipa.

"Usiizime! Lori linangoja barafu!"

"Toka hapo."

"Nimesema usiizime!"

"Kitonga, toka hapo, la sivyo leo tutakuokota na kijiko!"

Nikamsukuma. Akanikaba kola, shati likapasuka. Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikapiga kitufe chekundu.

Kimya.

Theluji ilikuwa imepanda bomba la kurudisha gesi mpaka kwenye kichwa cha mashine, mahali ambapo haina ruhusa ya kufika.

"Wiki nzima!" Kitonga akafoka, mate yakiruka. "Wiki nzima inagonga, na kila mara ni kabla tu ya chakula, na kila mara ni wewe uko zamu. Mdosi mwenye kiwanda alisema ikigonga tena unakwenda nyumbani. Haya, imegonga. Vua ovaroli."

"Ni wewe," nikamwambia. "Kuna kitu unafanya ukiniona nimetoka nje."

"Mimi? Nijisumbue na malenga wa chooni?"

Ngoja niwaeleze hiyo chuki ilitoka wapi.

Bomba linalotoka kwenye kompresa huwa moto wa kuunguza. Tangu kiwanda kifunguliwe, kila mtu alikuwa anapashia chakula chake hapo. Kina mama wa kupakia kuku, sisi wa mitambo, hata bawabu. Makopo ya githeri, mahindi na maharagwe, yanapangwa juu ya bomba, na saa ya chakula ikifika mtu anakula kitu cha moto baada ya kushinda kwenye baridi ya kukata vidole.

Siku moja Kitonga akaja, akayasukuma makopo ya watu sakafuni ili birika lake na sufuria yake ya nyama vipate nafasi. Nikamtungia palepale, kwa sauti ya juu:

Kitonga kelele nyingi, mashine hajaijua,
Hatofautishi rangi, ya mafuta na mvua.

Kina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Kitonga hakucheka. Siku hiyohiyo akapiga marufuku: kuanzia leo, bomba ni la nyapara peke yake.

Kesho yake mashine ikaanza kugonga. Jumlisha mwenyewe. Mimi nilijumlisha, jibu likawa Kitonga.

"Ovaroli sivui mpaka nijue," nikasema.

Nikaanza kutafuta. Kuna pipa linalonasa majimaji yasifike kwenye kompresa. Boya lake lilikuwa linacheza vizuri. Vali ya kulisha, sawa. Nikalifuata bomba la kurudisha gesi hadi chumba baridi, Kitonga akiwa nyuma yangu anautukana ukoo wangu, mtu mmoja mmoja.

Nilipofungua mlango wa chumba baridi nilisimama.

Mabomba yalikuwa yanadondosha maji. Mle ndani, ambamo kuku anakuwa jiwe!

Nikaelewa. Mtu alikuwa amefungua vali ya gesi moto. Asubuhi huwa naifungua mimi, kuyeyusha theluji iliyoganda kwenye mabomba. Lakini kwanza nafunga njia ya kulisha na njia ya kurudi. Ukiifungua hivihivi, gesi moto inayasukuma majimaji yote yaliyo mle ndani moja kwa moja hadi kwenye kompresa.

Vali yenyewe iko kwenye ujia wa nyuma. Nikausukuma mlango kwa teke, ngumi tayari.

Hakuwa mtu wa kupigwa ngumi. Alikuwa Mama Anyango, mkubwa wa kina mama wa kupakia, mkono wake kwenye gurudumu la vali. Juu ya bomba la gesi moto makopo yalikuwa yamepanga foleni, yanatoa mvuke.

La kwanza lilikuwa langu.

Nililijua kwa kifuniko chake kilichotoboka. Kumbe ndiyo sababu githeri yangu nilikuwa naikuta moto chini ya gunia nilikoiacha nje, mimi nikidhani muuza chai wa nje amenihurumia. Wiki nzima nilikuwa nakula sauti ile ile iliyokuwa inanifukuzisha kazi.

Nikaifunga vali, nikamgeukia.

"Mama, ni nini hii?"

"Nimekuwa nakuona asubuhi. Unazungusha hapa, bomba linapata moto. Nikasema, kumbe moto upo mwingi, ni roho ya mtu tu iliyo baridi."

"Ungetuua! Sisi sote, na watoto wa mtaa walio ng'ambo ya ukuta!"

"Sikujua, Thuo. Haki ya Mungu sikujua."

Nyuma yangu Kitonga akacheka. Kicheko cha mtu aliyeshinda.

"Basi, yamekwisha! Thuo, ovaroli kaa nayo, wewe huna kosa. Nitamweleza mdosi mimi mwenyewe. Na wewe mama, kusanya vitu vyako utoke."

Kazi yangu ikarudi hivyo tu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Ila kunyamaza sijawahi kujifunza.

Nilichojifunza siku hiyo nitawaambia bila kukizungusha. Mkubwa akiwanyima watu kitu kidogo ambacho hakimgharimu, watakitafuta kwa mlango wa nyuma, na huko nyuma ndiko kuliko na vali asizozijua. Mama Anyango alishika gurudumu. Aliyefungua ni Kitonga.

Nikaokota makopo yote, nikayabeba kwa gunia lililokunjwa yasiniunguze, hadi chumba cha mitambo. Nikaishusha sufuria ya Kitonga sakafuni. Nikayapanga ya watu juu ya bomba, la Mama Anyango mbele. Kina mama walikuwa wamejaa mlangoni, aproni zimelowa.

"Huyu mama hatoki," nikasema. "Kesho nitamfundisha yeye na wenzake vali gani haiguswi. Akitoka, natoka nyuma yake. Kompresa bado imejaa majimaji, lori bado linangoja, na Zedekiah bado yuko Maragoli. Utaiwasha wewe?"

Kitonga aliitazama mashine. Hakuikaribia.

"Unanitisha, kijana?"

"Sikutishi, Kitonga. Nakuahidi, na hawa wote wanasikia. Siku utakapogusa kopo la mtu kwenye bomba hili, nitaizima hii mashine kwa mkono wangu, na hakuna pesa ya mdosi wako itakayonirudisha kuiwasha."